Mluzi wa Mlango wa Mizigo

Ndani ya ndege ile tulikuwemo hawa. Mbele, upande wa kushoto, alikaa Kapteni Maganga, rubani mkuu, Mnyamwezi wa hapa hapa Tabora. Kulia kwake Wilfred, rubani msaidizi, kijana wa Bukoba aliyependa kucheka. Mhudumu wetu alikuwa Anastazia, binti wa wakulima wa pamba wa Nzega. Nyuma kabisa, mahali palipoondolewa viti, palitandikwa godoro, na juu yake amelala dada yangu Zaituni, mimba ya miezi minane, anatokwa damu. Kichwani pake alikaa mumewe Shabani, fundi cherehani wa mtaa wa Chemchem, ambaye ni shemeji yangu. Miguuni pake mimi, Mwamvua. Kwenye kiti kilichokuwa karibu yetu alikaa Mzee Kapela wa Kaliua, mwenye asali. Abiria wengine nao majina yao nayajua, lakini hawamo katika habari hii, nawaacha wapumzike. Nimeanza kuwataja kwa sababu Zaituni tumemzika majuzi, na siku ya tatu ya msiba mwanamke mzee mwenye fimbo alishuka kwenye basi la Nzega, akaja mpaka mlangoni kwetu akauliza, "Hapa ndipo kwa yule mgonjwa wa godoro?" Nikamjua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa Anastazia. Mwaka mzima ukarudi pale mlangoni, ukaingia naye ndani.

Ulikuwa mwaka ule watu wanahamia vijijini. Malori yalipita na vitanda, kuku, milango iliyong'olewa kwenye nyumba za zamani. Redio ya jirani ilisema kujitegemea asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa na shule ya darasa la pili tu, nalo sikulimaliza, ila alasiri nilikwenda kisomo cha watu wazima, na mchana nilipika kwenye nyumba ya wageni waliyokuwa wanafikia watu wa ndege. Nyumba ile ilikuwa ya kizamani, kuta nene, sebule ndefu yenye baridi hata jua likiwa kali. Meza ilikuwa ya mninga, nzito, haikusogezwa na watu wawili. Kila inaponijia akilini nasikia harufu ya siagi na mafuta ya taa. Niliwapikia wali na mchuzi wa kuku, lakini Kapteni Maganga alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Mwamvua, hakuna nsansa?" Hayo ni majani ya kunde yaliyokaushwa, chakula cha kwetu cha kiangazi. Nikampikia kwa karanga. Wilfred akaonja, akasema, "Kapteni, sasa naelewa kwa nini babu zako walikubali kutembea mpaka Bagamoyo. Walikuwa wanayakimbia majani haya." Kapteni akaendelea kula. "Na babu zako wa Bukoba," akasema, "walikuwa wamekaa tu wanangoja ndizi ziwaangukie."

Watu wa mjini walikuwa wanakuja uwanjani kumtazama tu. Mwafrika, tena mjukuu wa mpagazi, anaendesha ndege. Wengine walisema wazi kwamba wao watasubiri treni. Nilichokiona mezani ndicho kilichonishangaza zaidi. Kila wakimaliza safari, kabla ya kunawa mikono, waliizungumza ile safari tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila mmoja alitaja alipokosea, bila aibu, kama mtu anayesema chumvi imezidi. Na utaratibu wake ulikuwa kinyume cha mambo yote niliyoyajua. Kwetu mkubwa husema, wadogo wakaitikia. Kapteni Maganga alitaka mdogo aanze. Anastazia kwanza, halafu Wilfred, yeye mwisho. Siku moja nilipokuwa napanga sahani Wilfred alimuuliza sababu. Kapteni akasema, "Nikianza mimi, ninyi mtakubali. Nitakuwa nimesikia sauti yangu mara tatu." Nikayabeba maneno hayo mpaka jikoni. Niliyaona ni maneno ya watu wa ndege, hayanihusu.

Zaituni aliugua katikati ya masika. Hospitali hapa walisema anahitaji kupasuliwa, na daktari wa upasuaji alikuwa safarini, kwa hiyo apelekwe Mwanza. Barabara ya Nzega ilikuwa imekatika kwa mvua. Treni ingechukua muda ambao Zaituni hakuwa nao. Nikaenda kwa Kapteni Maganga akiwa anafunga kamba za viatu, nikamwambia, "Shikamoo, Kapteni. Dada yangu anakufa." Aliitikia marahaba, akanyanyuka kamba moja haijafungwa. Akaagiza viti vya nyuma viondolewe, akasema ndege itasubiri mpaka mgonjwa afike. Ikasubiri. Gari la hospitali lilichelewa kwa sababu ya tope, na jua la baada ya mvua, wenyeji mnalijua, linachoma kuliko la kiangazi. Sisi tulipofika, mizigo yote ilikuwa imeshapakiwa isipokuwa madebe ya asali ya Mzee Kapela, yaliyokuwa yamepangwa chini pembeni ya ndege yakingoja kuingia mwisho. Yalizibwa kwa nta, juu yake magome, juu yake kamba. Kijana wa mizigo alimuuliza kama yamefungwa vizuri. Mzee Kapela akamtazama kwa kumhurumia. "Baba yangu alikuwa mpagazi," akasema. "Asali aliiziba hivi hivi, akaenda nayo mpaka pwani, haikudondoka tone." Na alisema kweli. Ila wapagazi walitembea alfajiri, jua likipanda wakatua kivulini. Hawakuiacha asali kwenye uwanja mweupe saa za mchana.

Tukaruka. Sikuwahi kupanda ndege, na sikuogopa, kwa sababu moyo wangu wote ulikuwa kwenye uso wa Zaituni. Alikuwa ameng'ata pindo la khanga. Shabani alikuwa anampangusa jasho, anamwambia, "Tumeshaondoka, mke wangu, tumeshaondoka." Nyuma ya kichwa changu kulikuwa na wavu, na nyuma ya wavu mizigo na mlango wake. Tukiwa bado tunapanda nikasikia sauti nyembamba ikitoka huko, kama mtu anayepuliza kwenye tundu la ufunguo. Nikafikiri labda ndivyo ndege zilivyo.

Ya kule mbele niliyajua baadaye, mezani, lakini nayaweka hapa mahali pake. Taa ndogo nyekundu iliwaka mbele ya Wilfred, taa ya mlango wa mizigo. Wilfred akanyoosha mkono. Kapteni akamwambia, "Acha. Kwanza ndege iruke. Taa haitakimbia." Wakaipandisha mpaka mahali pa kutulia, wakainyoosha, wakapunguza mwendo. Ndipo Kapteni akasema, "Mimi naendesha. Wewe soma." Wilfred akasoma kadi yao ya hitilafu kwa sauti, hatua moja baada ya nyingine. Taa ikabaki inawaka. Kapteni akamwita Anastazia, akawaambia wote wawili, "Semeni. Mdogo aanze." Anastazia akasema amesikia kama mluzi huko nyuma, lakini amekuwa akisimama na kupita, hana hakika, angependa awaulize waliokaa karibu na mlango. Wilfred akasema yeye angeendelea. Taa za milango hudanganya, alisema, mkono wa mlango aliuona umelala chini kabla hawajaondoka, Mwanza si mbali, na yule mama anaumia. Kapteni hakumkatiza. Akamwambia Anastazia, "Nenda kaulize. Usiwaambie kwa nini unauliza."

Akaja. Alichuchumaa mbele yangu akashika mguu wa kiti. "Dada," akasema, "mluzi huo unaousikia, ulikuwepo tulipokuwa chini?"

Kabla sijafungua mdomo Shabani akasema, "Ndege zote zinapiga mluzi."

"Sijakuuliza wewe, kaka. Namuuliza huyu aliyekaa karibu na wavu."

Shabani akanitazama. Macho yale ninayo mpaka leo. Hakuambiwa kwa nini anaulizwa, wala mimi, lakini hatukuwa wajinga. Mhudumu hatoki mbele na uso ule kuja kuuliza habari za mluzi kwa mazungumzo. Tulijua sote wawili kwamba kuna jibu litakalotupeleka Mwanza na kuna jibu litakaloturudisha Tabora. Zaituni alikuwa amefumba macho. Ningeweza kusema sijui. Nani angeniuliza tena? Mpishi, hajawahi kupanda ndege, atajuaje. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma ya meza ile mwaka mzima na sahani mkononi, nikiwasikia watu wanasema walichokiona kama walivyokiona, na sikupata mlango mwingine wa kupitia. Nikasema, "Haukuwepo tukiwa chini. Umeanza tulipokuwa tunapanda. Na sasa umezidi."

Anastazia alinigusa goti akaondoka. Punde ndege ikaanza kuzunguka, taratibu sana, duara kubwa, jua likahama kutoka dirisha moja kwenda jingine. Anastazia akarudi akatuambia tunarudi Tabora, mlango wa mizigo una hitilafu, tukaze mikanda, na tulivute godoro mbele mbali na wavu. Tukalivuta, yeye, mimi na Mzee Kapela. Shabani hakushika godoro. Alisimama akaelekea mbele, Anastazia akamzuia kwa mkono mmoja kifuani, mwanamke mdogo vile. "Mke wangu atakufa," Shabani akasema. Hakupiga kelele, alisema kama anavyotaja vipimo vya suruali. "Mwambie rubani mke wangu atakufa." Anastazia akasema, "Anajua, kaka. Ameniambia nikwambie kwamba anajua. Kaa."

Mzee Kapela akajaribu kumtuliza. "Mwanangu," akasema, "wazee wetu wakiondoka na msafara, kambi ya kwanza waliipiga hapo hapo karibu na mji. Aliyesahau kitu arudi, mzigo uliofunguka ufungwe upya. Kurudi kutoka kambi ya kwanza si aibu."

Shabani akamjibu, "Mimi sikusahau kitu, mzee. Mzigo wangu wote uko hapa sakafuni."

Mzee Kapela akakaza mkanda wake.

Tulishuka salama, laini kuliko tulivyopaa. Fundi wa ndege akafungua mlango wa mizigo na asali ikamfuata mikononi. Nta ya madebe ilikuwa imelainika juani, asali ikatiririka mpaka kizingitini ikiwa na mabonge ya nta na vipande vya masega, na bonge moja liliingia kwenye tundu ambalo chuma cha komeo hutakiwa kuzama. Mkono wa mlango ulilala chini kama kawaida, lakini chuma hakikuzama. Kilikuwa kimeshika kwa unene wa ukucha. Wilfred alimuuliza fundi, nikiwa nasikia, kama kingevumilia mpaka Mwanza. Fundi akajilamba kidole, akasema, "Pengine. Na pengine mlango ungefunguka ukapiga mkia. Nikwambie lipi?" Hakuna aliyejua. Mpaka leo hakuna anayejua. Watu wanaosimulia kisa hiki mjini hupenda kusema ndege ingeanguka, au husema ilikuwa asali tu, upuuzi. Mimi nilikuwepo na sisemi lolote kati ya hayo.

Walikwangua, wakaosha kwa maji ya moto, wakaufunga na kuufungua mlango mpaka fundi akaridhika. Shabani alikaa kwenye kivuli cha bawa, kichwa cha Zaituni mapajani. Tukaruka tena jua limeshapinda. Taa haikuwaka, mluzi haukuwepo. Mwanza walimpasua usiku ule. Zaituni akapona. Mtoto, wa kiume, alitoka kimya. Nilimuuliza mkunga kama tungewahi tusingerudi Tabora. Akasema, "Hayo hata daktari hayajui, mwanangu," akanipa khanga nimfunike.

Tuliporudi Chemchem, Kapteni Maganga alikuja kutoa pole. Alivaa shati la kawaida na kofia ya vito, akaketi mkekani pamoja na wanaume. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Shabani akamuuliza mbele ya watu, "Ungejua ni asali tu, Kapteni, ungerudi?"

"Sikujua ni asali. Nilijua taa, na nilijua mluzi umeanza angani."

"Nakuuliza ungejua."

Kapteni akafikiri. Kila mtu alingoja aseme neno la kumfariji mfiwa, na lingekuwa rahisi kulisema. "Namlilia mtoto wako, ndugu yangu," akasema. "Nimekuja kumlilia. Lakini nikikwambia najuta kurudi nitakuwa nakudanganya ndani ya nyumba yako. Taa ile ikiwaka kesho nitarudi kesho, hata aliyelala nyuma akiwa mama yangu."

Shabani akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira naye baada ya hapo, nadhani, maana yule alikuwa mgeni na alifanya kazi yake. Sinia ilipowekwa, Shabani alinawa, akauliza nani kapika. Wakamwambia Mwamvua. Akafuta mikono, akasema ameshiba. Ndivyo ilivyoanza. Hakunitukana, hakunifukuza, salamu aliitikia, hata watoto waliozaliwa baadaye, wanne, aliniletea niwabebe. Lakini chakula changu aliacha. Idi, harusi, msiba, nikipika mimi yeye ataomba chai, na chai aipike mwingine.

Nilirudi kazini kwa sababu kazi ilinisubiri. Siku ya kwanza niliingia na bakuli nikawakuta wanaizungumza safari ile. Kapteni akasema, "Mwamvua, weka bakuli, keti. Ulikuwemo. Leo mdogo ni wewe, anza." Sikuwahi kukaa kwenye kiti cha meza ile. Mbao yake ilikuwa baridi. Nikasema, "Nilisema kweli na mtoto akafa." Wilfred akatazama sahani yake. Akasema yeye aliona mkono wa mlango umelala akaridhika, hakuinama kutazama tundu, kwa sababu alitaka mgonjwa aondoke haraka. Kapteni akasema ndiye aliyeamuru ndege isubiri, na hakuuliza mizigo iliyobaki nje ni ya aina gani. Kisha akanigeukia. "Ulisema kweli, hilo moja. Mtoto amekufa, hilo la pili. Usiyafunge mzigo mmoja, Mwamvua. Utakuvunja shingo." Nikainuka nikaenda kupakua. Nilijaribu kuyatenganisha siku ile, na nimeendelea kujaribu. Kuna miaka niliweza. Lakini tangu hapo, kwenye mikutano ya kijiji, kwenye kesi za ndoa, mbele ya mwenyekiti aliyekuwa anataka tuitikie tu, nikiulizwa nilichokiona nilikisema, nikakaa chini. Wengine waliniita mkaidi. Nilizeeka na jina hilo na halinipunguzii usingizi.

Zaituni mwenyewe hakunilaumu hata siku moja. Mara moja tu aliligusa, tukichambua mchele. Akasema, "Ningeulizwa mimi, ningesema haukuwepo. Ndiyo maana Mungu alinifumba macho, ukaulizwa wewe." Akaendelea kutoa mawe.

Basi siku ile ya tatu Anastazia aliingia ndani, akatoa pole kwa wanawake, halafu akataka kumpa mkono mfiwa. Shabani sasa haoni vizuri. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba barazani. Akaishika ile mikono akakataa kuiachia. "Wewe ndiye uliyeuliza," akasema.

"Ndimi, kaka."

"Kwa nini hukuniuliza mimi? Nilikuwa mume."

"Wewe ulikuwa umeshajibu," Anastazia akasema, "na sikuwa nimemaliza kuuliza."

Shabani akacheka kidogo, cheko la mzee, lenye kikohozi ndani yake. Kisha akaniita. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mwiko mkononi, alijuaje sijui. "Mwamvua."

"Abee, shemeji."

"Ule mluzi. Ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

Ndani walikuwa wanapakua wali wa khitma, na mjukuu wake alikuwa tayari anamletea chai, kama kawaida ya nyumba. Shabani akaisogeza birika kando kwa mkono. "Nani kapika?" akauliza, na kila mtu barazani alijua nani kapika. "Nipakulie," akasema. "Nyama usiweke nyingi, meno sina."

Nikampakulia mwenyewe. Nikakaa chini karibu na kiti mpaka alipokwangua sahani.

Nimeyaandika haya kwa mkono wa kisomo cha watu wazima, polepole. Wilfred, kama uko hai huko Bukoba, au wanao wakisoma, mniambie nilipokosea. Pengine jua lilikuwa upande mwingine, pengine Kapteni alivaa kanzu siku ile ya pole, pengine fundi hakulamba kidole. Watu wa Kaliua mnisahihishe habari za Mzee Kapela, nisije nikamwekea baba asiye wake. Mengine yote nisahihisheni. Mluzi ulikuwepo.